Kigari Mbele ya Duka la Mikate

Volvo ya kijani ilikata kona ya Porte de Namur, Bruxelles, bila kuwasha taa ya ishara.

"Sombe, uko naiona?" redio ya Motorola ilikoroma.

"Niko naiona."

Uongo mtupu. Mignonne alikuwa haioni Volvo. Alikuwa anaona pikipiki.

Yamaha nyeusi, mbele kidogo ya Peugeot 205 yake. Aliyeendesha ni mumewe, Anaclet. Nyuma yake alikaa Rolande, jasusi mwenzao, koti jekundu, kofia ya chuma inang'aa. Mikono ya Rolande ilikuwa imezunguka tumbo la Anaclet. Tumbo hilo Mignonne amelilisha ugali tangu siku ya harusi. Tena vidole vilikuwa vimefungana kabisa, mithili ya kifungo cha mkanda.

Kwani pikipiki haina chuma cha kushika nyuma? Inacho. Mignonne alikuwa anakiona.

Alipoinua macho, Volvo haikuwepo.

Alikanyaga breki. Basi likampigia honi. Tramu ikapiga kengele. Kushoto, watu. Kulia, watu. Mbele, Chaussée de Wavre, njia kuu ya Matonge, mtaa wa Waafrika, na maduka yake ya vitenge, mihogo na samaki wa chumvi.

"Makayabu kwa Sombe," sauti ya Anaclet ikaja. "Tumebanwa na lori. Volvo imeelekea upande gani? Ulikuwa na nafasi nzuri."

Mignonne akabonyeza kitufe cha redio, akakiachia.

"Sombe?"

"Nimeipoteza."

Akasikia Rolande akivuta pumzi ndani ya redio. Hata pumzi yake ilikuwa karibu mno na mdomo wa Anaclet.

Nokia yake ikaita. Tonton Donatien, mkuu wa Ofisi yao ya ujasusi, akipiga toka kwenye nyumba yao ya siri kule Uccle. Ndiye aliyewapa majina ya kazi. Mzee alipenda chakula: Mignonne akawa Sombe, yaani kisamvu, Anaclet akawa Makayabu, samaki wa chumvi, na Rolande, bila kuombwa ushauri na mtu, akawa Pilipili.

"Weye Mignonne. Nasikia umepoteza gari."

"Ndiyo, tonton."

"Gari kubwa vile. Ya kijani."

"Ndiyo, tonton."

"Umeifuata toka Denmark, umevuka Ujerumani yote, alors unakuja kuipoteza Matonge? Kwetu?"

Jibu alikuwa nalo, lakini si la kumwambia mzee.

"Sikia, mwanangu," Donatien akashusha sauti. "Zile vifyatulio zikishafika mikononi mwa mnunuzi, leo hii zinaingia ndege ya kwenda kule nyumbani. Unajua shamba gani zitategwa. Mama yako analima wapi?"

"Masisi, tonton."

"Bon. Tafuta ile gari."

Simu ikakatika.

Vifyatulio vya mabomu ya kutegwa ardhini. Vidogo kama vifuniko vya chupa ya bia. Bomu bila kifyatulio ni bati tu, mtoto anaweza kulichezea mpira. Likitiwa kifyatulio, mama anayepalilia maharage hurudi nyumbani kwa magongo, au harudi.

Mignonne akaegesha gari mbele ya duka la vitenge, akaweka paji la uso juu ya usukani.

Kiti cha nyuma, Chloé akaanza kulia. Binti yake, meno mawili, sauti ya tarumbeta.

"Mama, ngoja kidogo. Ngoja mama yako apate akili," Mignonne akambembeleza.

Akili yake ilikuwa bado Denmark.

*

Lindby ni mji mdogo, mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya kanisani, mtu wa kiwanda cha maziwa anakuombea afya. Kanisa moja jeupe. Barabara moja ya maduka. Mishumaa madirishani mchana kweupe. Kando ya njia kuna meza yenye mifuko ya viazi na kopo la bati. Unachukua viazi, unaacha sarafu, hakuna anayekulinda. Mara ya kwanza Mignonne aliizunguka meza ile akitafuta kamera.

Hapo kwanza hakupangiwa kwenda. Ofisi ilijua kwamba Mbelgiji mmoja, Madame Berthe, amepanga nyumba ya matofali nyuma ya kiwanda cha maziwa, na kwamba mzigo utamfikia huko. Utamfikia kwa njia gani, hawakujua. Donatien akaamua: Anaclet na Rolande wataenda kama mume na mke, wanakwaya walioalikwa na parokia.

"Mume na mke?" Mignonne aliuliza.

"Ya kazi tu, mwanangu."

"Na mke mwenyewe?"

"Weye uko nanyonyesha."

"Kunyonyesha si ugonjwa, tonton. Nakwenda."

Donatien alimtazama, akaona ni afadhali kubishana na mvua. "Basi utakwenda kama dada yake Anaclet. Wifi ya Rolande."

Hapo mzee alikosea. Au pengine alijua anachofanya. Maana wifi, kwetu, ana ruhusa. Wifi anaweza kuingia jikoni kwa mke wa kaka yake, akafunua chungu, akanusa, akafunika bila kusema neno, na mke asile vizuri juma zima.

Mwenyeji wao alikuwa Fru Kirsten, mjane, zamani muuguzi wa misheni kule Uvira. Kiswahili chake kilikuwa kimekauka kidogo kama mkate wake mweusi, lakini kilikuwepo. Aliwavua viatu mlangoni, akawapa soksi za sufu, akagawa vyumba. Mume na mke, chumba kikubwa chenye dirisha la bustani. Dada mtu na mtoto, juu darini.

Anaclet aliapa kwa jina la mama yake kwamba analala chini, juu ya zulia.

Mignonne alimwamini. Asubuhi akashuka kulikagua zulia.

"Wifi," alisema mezani, akimkazia macho Rolande, "chai ya kaka yangu iko wapi?"

"Inakuja, wifi."

"Kwetu mke haketi kabla mume hajapewa."

"Nasikia, wifi."

"Na sukari ni kidogo. Kaka yangu si mgonjwa."

Anaclet akakohoa ndani ya kikombe. Rolande akaleta sukari, akatia vijiko viwili, akakoroga polepole huku akitabasamu. Alijuaje kwamba ni viwili? Mignonne hakumeza mkate ule.

Baya zaidi, Chloé hakujua ujasusi. Kila Anaclet alipopita, mtoto alinyoosha mikono yote miwili. "Mtoto huyu anapenda mjomba wake sana!" Fru Kirsten alicheka. Basi Anaclet akambeba binti yake kwa jina la mjomba, na Rolande akasimama pembeni yao akimfuta mtoto udenda, na pale dirishani, kwa mtu apitaye njia, walikuwa familia nzuri kabisa. Wifi mtu akabaki anaosha vikombe.

Halafu kulikuwa na habari ya vigari.

Lindby watoto wanalazwa nje. Baridi ya kufanya pua iume, nao wanalazwa nje, ndani ya vigari vikubwa vya bluu vyenye magurudumu ya baiskeli, vyote vimenunuliwa duka moja. Fru Kirsten alimpa Mignonne kimoja, cha wajukuu wake.

"Baridi inalaza mtoto vizuri," alisema.

"Inaua, maman!"

"Haijaua mtu hapa."

Kila asubuhi mama wa mji walipanga vigari mbele ya duka la mikate, wakaingia ndani kunywa kahawa kwenye joto. Hakuna aliyegusa kigari cha mwenzake. Hakuna aliyefunua chandarua. Mtoto aliyelala ni amana ya mtaa mzima. Na Madame Berthe, nywele za dhahabu, glavu za ngozi, alikuja kila siku na kigari chake, akakipanga na vingine, akaketi peke yake akipaka siagi.

Ofisi ilitega simu yake. Ikapekua nyumba yake akiwa ametoka na kigari. Haikupata kitu.

Asubuhi moja Berthe alipakia Volvo, akaondoka. Mtu wa Donatien bandarini akathibitisha: mzigo umeshamfikia. Macho yao yalikuwa juu yake muda wote, na mzigo ukapita.

*

Chloé akapandisha sauti. Mignonne akafungua mlango wa nyuma, akamchukua, akasimama naye pale kando ya barabara.

Ndipo akaona.

Mama mwenye duka la vitenge aliinua kichwa. Muuza chikwangue, ile mikate ya mihogo, ng'ambo ya barabara, aliinua kichwa. Msichana aliyesukwa nusu akachungulia kutoka saluni. Bibi mmoja mzungu mwenye mbwa, naye pia. Hawakumjua mtoto, wala hakuwa wao. Lakini shingo ziligeuka zenyewe.

"Anataka ziwa, maman!" yule wa chikwangue alipaza sauti. "Mupe ziwa!"

Mignonne akaganda.

Duka la mikate. Juma lililopita. Chloé alilia nje namna hii hii, na mama wote mle ndani waliinua vichwa pamoja, kama kuku waliosikia kipanga. Rolande naye aliinua. Kijiko kilisimama hewani, uso ukambadilika. Jambo hilo Mignonne alilitafuna siku nzima: yeye ni nani hata ashtuke kwa mtoto wangu? Mume ameona hatoshi, sasa anataka na mtoto?

Alimwangalia sana aliyeinua kichwa.

Hakumwangalia ambaye hakuinua.

Madame Berthe aliendelea kupaka siagi. Taratibu, mpaka ukingoni mwa mkate. Kigari chake kilikuwa nje, ubavuni mwa cha Chloé, vinafanana kama mapacha. Mama yeyote angegeuka kuhakikisha ni wa nani anayelia. Yeye alikuwa na hakika si wake.

Hakukuwa na mtoto ndani.

Mtu alikuja na kigari kilichojaa, akakipanga. Akaondoka na kitupu cha Berthe. Mbele ya mji mzima, na mbele ya majasusi watatu, mmoja wao akihesabu vijiko vya sukari.

Mignonne akashika redio kwa mkono mmoja, mtoto kwa mwingine.

"Sombe kwa wote. Acheni Volvo. Tafuteni kigari."

"Kigari gani?" Anaclet akauliza.

"Cha bluu, kama kile tuko nacho. Kitakuwa kimeachwa nje ya café. Peke yake."

"Mutoto nje, Bruxelles? Nani anafanya vile?"

"Hakuna. Ndiyo maana tutakiona. Amekaa Lindby sana, anafikiri kigari nje ya café hakionekani. Atamuachia mnunuzi namna ileile aliachiwa yeye. Nendeni Flagey, café ziko mingi. Miye naangalia Saint-Boniface."

Sauti ya Rolande ikaja, bila ubishi: "Compris, wifi."

Wifi! Hata sasa.

Mignonne alimnyonyesha Chloé huku akiendesha polepole, jambo ambalo sheria inakataza na mimi simshauri mtu. Saint-Boniface hakukuwa na kitu. Alikuwa anageuza gari redio ilipokoroma.

"Pilipili kwa Sombe. Flagey. Mbele ya café ya kona, upande wa mabwawa. Kigari cha bluu." Rolande akapunguza sauti. "Kuko tatizo. Bibi wawili wamekizunguka. Wamekasirika. Mmoja anataka kufunua."

"Berthe?"

"Ndani, karibu na dirisha. Anajifanya kusoma gazeti. Jasho linamutoka."

"Mnunuzi?"

"Mwanaume murefu, kofia ya ngozi, meza ya nyuma, macho ku kigari. Analipa kahawa sasa hivi. Mercedes yake iko ku mabwawa."

"Niko nakuya."

Peugeot ilishuka Rue Malibran kama jiwe.

Alisimamisha gari nyuma ya vibanda vya soko. Rolande alikuwa amemfikia kabla hajafungua mlango. Anaclet alibaki juu ya Yamaha, ng'ambo, injini inanguruma. Wakashusha kigari cha Fru Kirsten. Wakakifungua. Mignonne akatupia ndani mfuko wa viazi vya Lindby, wa mwisho, akavitandikia blanketi, akashusha chandarua.

Kikabaki kitu kimoja. Mtoto.

Chloé alikuwa begani mwake, anacheua. Huwezi kubadilisha vigari huku umebeba mtoto halisi. Huwezi kumwacha ndani ya gari sokoni.

"Nipe mutoto," Rolande alisema.

Mikono yake ilikuwa wazi. Mikono ile ile.

Mignonne hakusogea. Ndani ya café, mtu mwenye kofia ya ngozi alikuwa anavaa koti.

"Wifi," Rolande akasema, na safari hii neno halikuwa na meno. "Niko na wangu. Bukavu, kwa mama yangu. Anaitwa Patient. Nilimuacha ananyonya. Sijasema ku Ofisi, juu wangenikatalia kazi. Nipe. Nitamufunga muzuri."

Kwa hiyo ndiyo maana kijiko kilisimama hewani.

Mignonne alifungua kitenge kiunoni, akampa. Kisha akampa mtoto. Rolande aliinama, akamrusha Chloé mgongoni kwa mtupo mmoja wa nyonga, akakaza fundo kifuani. Mtupo huo haufundishwi na Ofisi yoyote. Unafundishwa na mtoto.

"Usimfunike sikio," Mignonne alisema. "Hapendi."

"Najua. Nimeona."

Mignonne akasukuma kigari.

Mbele ya café bibi mmoja alikuwa tayari ameshika ukingo wa chandarua. "Ni aibu! Mtoto mchanga kwenye baridi! Nitaita polisi!"

"Pardon, madame, pardon," Mignonne alijipenyeza, kigari chake kikagonga kile kingine, ubavu kwa ubavu, migongo ya bibi ikiziba dirisha la Berthe. "Ni wangu. Niliingia chooni tu."

"Chooni! Na hiki kingine?"

"Pacha wake."

"Wawili! Na mmoja ulimwacha peke yake!"

"Huyu wa pili baba yake anakuja kumchukua. Ndiye huyo anayelipa."

Bibi wote wawili wakageukia mlango wa café na midomo iliyokaza. Mignonne akashika mpini wa kigari cha Berthe. Kilikuwa kizito kama gunia la chumvi. Akaanza kutembea. Hakukimbia. Mama hakimbii na mtoto aliyelala.

Nyuma yake mlango ukafunguliwa.

"Monsieur! Unajiita baba, wewe?"

Mwenye kofia ya ngozi hakujibu. Alichukua kigari kilichobaki, akakisukuma haraka kuelekea mabwawa. Mignonne alisikia magurudumu yanapita ng'ambo ya njia. Alisikia yanasimama. Alisikia chandarua kinachanika.

Kiazi kikaanguka juu ya lami.

"Madame," sauti ikasema. "Simama hapo."

Akasimama. Akageuka polepole. Bastola ilikuwa imefichwa nusu ndani ya mkono wa koti, Beretta, mdomo wake ukimtazama tumboni. Walther yake mwenyewe ilikuwa ndani ya mfuko wa nepi begani, chini kabisa, chini ya nepi zote. Mahali pa kijinga.

"Sukuma kigari hapa. Taratibu."

Ndipo Chloé akalia.

Kule nyuma ya vibanda, kwa tarumbeta yake yote. Flagey nzima ikageuka. Muuza maua. Mama wa jibini. Bibi wawili. Na mwenye kofia ya ngozi naye, kwa nukta moja tu, akatupa jicho kule, huku akingoja mama mtu afanye hivyo hivyo.

Mignonne hakuinua kichwa.

Kwa mara ya kwanza tangu amzae. Kila mshipa wa mwili wake ulivuta upande ule, maziwa yakamtoka yakalowesha blauzi, lakini shingo haikugeuka. Mtoto yuko mgongoni mwa mtu anayejua kubeba.

Mkono wake ulikuwa umeshatoka kwenye mfuko wa nepi na kopo la poda. Ofisi ilikuwa imelitia pilipili ya Bukavu. Akabonyeza.

Wingu jeupe. Mguno. Risasi ikapasua maji.

"Makayabu!"

Yamaha ilikuwa tayari hewani juu ya ukingo wa njia. Gurudumu la mbele likamkuta mtu yule kiunoni. Akaruka, kofia upande wake, yeye upande wake, akatua bwawani katikati ya bata.

Askari jandarme waliokuwa wameitwa na Donatien walimvuta kwa ndoano ya mashua. Madame Berthe alitolewa café glavu zikiwa mkononi. Alipopita karibu na kigari alikitazama, kisha akamtazama Mignonne.

"Umejuaje?"

"Siku mtoto wangu alipolia, madame, ulimaliza siagi yako."

Anaclet akafunua godoro la kigari. Vikasha, safu juu ya safu. Hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Nokia ikaita.

"Sombe."

"Tonton. Chungu kimeepuliwa. Hakuna kilichomwagika."

Donatien akavuta pua, labda alikuwa anajifuta macho, labda alikuwa anakula. "Masisi watavuna maharage," akasema. "Rudini Uccle. Kuko pondu ku sahani."

Rolande alikuwa anakuja kutoka sokoni, hatua za kubembeleza, koti jekundu limevaliwa juu ya kitenge. Chloé alikuwa amenyamaza. Shavu limelazwa mgongoni, mdomo wazi, sikio nje.

"Amelala sasa tu," Rolande alinong'ona, akaanza kufungua fundo. "Chukua wako."

Mignonne alimtazama mtoto. Akamtazama aliyembeba. Wivu ulikuwa bado upo, hakuna haja ya kudanganya. Ulikuwa umekaa tu, umenyoosha miguu.

"Muache. Ukimutoa sasa ataamka." Akamtupia funguo za Peugeot. "Mutangulie kwa gari. Usingizi ukikolea, kiti chake kiko nyuma. Na wiki kesho tunaongea na tonton habari ya Patient. Nitasema miye. Miye ananiogopa."

Rolande alishika funguo. Akaitika kwa kichwa.

"Alafu, Rolande."

"Wifi?"

"Vile vijiko mbili vya sukari. Ulijuaka namna gani?"

"Weye mwenyewe ulinifokea asubuhi ya kwanza. Nikatia kimoja, ukakunja uso. Nikatia cha pili, ukanyamaza."

Anaclet, juu ya Yamaha, alipata shughuli ya ghafla ya kukagua kioo.

Mignonne aliokota kofia ya chuma ya Rolande, akaivaa, akafunga kamba chini ya kidevu. Akapanda nyuma ya mumewe. Chuma cha kushika kilikuwepo pale pale nyuma ya kiti, kizuri, kinang'aa. Hakukigusa. Alizungusha mikono yote miwili tumboni mwa Anaclet, akafunga vidole.

"Endesha, mjomba," alisema.